Konyeza Kwenye Mkono wa Edeltruda

Watu wakisikia kwamba nilifanya kazi chumba cha vidonda, swali lao la kwanza ni harufu. Niliizoeaje? Sikuizoea. Muuguzi aliyezoea harufu ya kidonda ahamishiwe stoo, maana pua ndiyo chombo cha kwanza cha kazi ile. Nawaandikia ninyi mliobaki pale, mnaofungua bendeji kila asubuhi huku redio ya mapokezi ikipiga kwaya. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa kama vinavyokuja, na mshahara kila mmoja wenu anaujua.

Mimi ni mtoto wa Mkumbi, nimekulia kwenye kahawa na mashamba ya ngolo, yale mashimo ya kulimia ya miteremko yetu. Kabla ya kupangiwa kazi nilikuwa nimeliona ziwa kwa mbali tu, kutoka milimani. Nilishuka Mbamba Bay na sanduku la bati pamoja na koti zito la sufu alilonishonea mama yangu, akiamini kwamba palipo na maji mengi lazima pawe na baridi. Koti lile sikulivaa hata siku moja. Wagonjwa walizungumza Kinyasa, mimi Kimatengo, tukakutana kwenye Kiswahili, na siku zile Kiswahili chetu sote kilikuwa bado kinanuka chaki.

Chumba cha vidonda cha hospitali yetu kilikuwa chini ya Sista Gaudensia, mtawa mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Siku ya kwanza aliniambia, "Kanawe mikono." Nikaenda, nikanawa, nikarudi. Akaitazama. "Kanawe tena." Nikadhani ananidharau kwa kuwa nimetoka milimani. Baadaye nilikuja kumwona akimwambia hivyohivyo daktari mkuu, na siku moja akamwambia padri aliyekuja kuwabariki wagonjwa. Padri alinawa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilidai subira. Mtungi wa mvuke wa kuchemshia koleo na mikasi uliwekwa juu ya jiko la mkaa, na ole wako mkaa uzimike katikati, maana ulianza upya. Gozi, kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda, ilikuja kwa robota, tukaikata na kuikunja wenyewe alasiri, wagonjwa wenye nafuu wakitusaidia. Robota lilipoisha kabla ya lingine kufika, tulitumia kilichokuwepo. Papai bichi lililopondwa hulainisha nyama iliyokufa ikatoka bila kisu. Asali ililetwa na warina wa kwetu milimani, tukaichuja, tukaipaka kwenye vidonda vilivyogoma kufunga. Wageni kutoka mjini walipoiona asali kwenye kabati la dawa walicheka. Sista Gaudensia aliwapa viti wakae, wangoje bendeji zifunguliwe.

Sitaki mdhani kila kitu kilipona. Yuko mzee mmoja mvuvi, Mzee Kosmas, mwenye kisukari, aliyekuja na kidole cha mguu kilichokuwa cheusi. Daktari alitaka kukikata. Mzee alikataa, akasema mvuvi husimama ndani ya mtumbwi kwa vidole. Akaenda nyumbani. Aliporudi, weusi ulikuwa umefika gotini na homa imempanda kichwani, naye akawa ananiita kwa jina la binti yake. Nilimwitikia kwa jina hilo mpaka mwisho. Kuna mambo ya kazi yetu ambayo hayafundishwi chuoni, na hilo ni mojawapo.

Sista Gaudensia alipozeeka, shirika lake lilimrudisha nyumba mama ya watawa wenzake, nami nikaachiwa funguo za chumba. Ni katika miaka hiyo nilipompata Edeltruda.

Edeltruda alikuwa binti wa kijiji cha Lundo, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Anna. Kazi yao ilikuwa kukausha samaki kwa moshi, hasa mbasa wakubwa, kwenye chanja nyuma ya nyumba. Edeltruda alikuwa na kifafa tangu utotoni. Siku moja kilimshika akiwa anageuza samaki, akaangukia motoni. Pale palikuwa na majirani, watu wazima, wanaomjua tangu azaliwe. Wakarudi nyuma. Mnajua sababu, kwa kuwa mpaka leo mnaisikia wodini: watu huamini kwamba ukimgusa mwenye kifafa akiwa anatoka povu, nawe utakipata. Aliyemvuta kutoka motoni alikuwa Bibi Anna peke yake, mzee ambaye magoti yalikuwa yameshamchosha. Walifika kwetu wawili, mjukuu ameungua mkono wote wa kulia na kifua, bibi ameungua viganja.

Nilivifunga viganja vya bibi kwanza, kwa sababu alikataa kumwachia mjukuu wake mpaka nilipomwambia kwamba mikono yake michafu itamdhuru. Hapo alimwachia mara moja.

Viganja vilipona. Edeltruda hakupona. Wiki ziligeuka miezi. Mkono na kifua vilibaki vyekundu na vibichi, vinafunga pembeni na kufumuka katikati. Alihitaji kupandikizwa ngozi, na waliojua kazi hiyo walikuwa mbali. Tulimwandikia rufaa, lakini safari ile bibi hakuiweza na mjukuu hakukubali kwenda bila bibi. Kila asubuhi nilipoingia na toroli la vifaa, Edeltruda alikuwa ameshageuza uso ukutani. Hakulia. Aliuma kona ya kanga, na nilipomaliza, kona ile ilikuwa imelowa.

Ndipo alipofika Daktari Salumu. Alikuwa kijana, mwenyeji wa pwani, ameletwa kwetu kwa muda. Alikuja na begi moja la nguo na boksi moja ambalo hakumruhusu kondakta kuliweka juu ya gari. Ndani yake mlikuwa na pakiti za vipande vyeupe, vyembamba, vyepesi, kama mkate wa hostia kabla haujakatwa. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema yeye ni Mwislamu lakini ataukubali mfano huo.

"Hii imetengenezwa kwa konyeza," akasema.

Nikamuuliza konyeza ni nini. Akashangaa, kisha akakumbuka yuko wapi. Akanieleza kwamba ni kiumbe wa baharini, laini kama ute, mwili wake karibu wote maji. Huelea tu. Wakiwa watoto pwani walimwogopa kwa kuwa huwasha, na wavuvi humchukia kwa kuwa hujaza nyavu na kufukuza samaki. Lakini katika kale kamwili ka maji mna protini iitwayo kolajeni, ileile inayoshikilia ngozi ya mwanadamu. Wataalamu huitoa, wakaisafisha, wakaikausha ikawa kama hivi. Ukiiweka juu ya kidonda hunywa unyevu, hulainika, ikawa kama jukwaa ambalo ngozi mpya inaweza kupita juu yake.

"Inaweza," nilisema, "au inapita?"

"Inaweza, mama. Ndiyo maana nimekuja na boksi moja, sikuja na lori."

Hilo lilinifanya nimwamini. Alinisimulia mengine jioni za kukunja gozi. Alisema huko Mashariki ya Mbali konyeza hukaushwa kwa chumvi na shabu, wakaliwa kwenye sherehe. Wako wanaomtia shambani kama mbolea. Na yuko mmoja anayewaka kijani gizani, ambaye mwanga wake umewapa wanasayansi taa ya kuchungulia ndani ya chembe hai. Niliyabeba hayo likizo mpaka Mkumbi, na kaka yangu aliposikia neno mbolea akaniuliza kama konyeza anapatikana kwa gunia, na kama kahawa inamkubali. Nilimwambia kwanza tumwone kwenye ngozi ya watu, mibuni itasubiri. Wavuvi wa Mbamba Bay nao walibishana kama ziwani kwetu yupo. Daktari alisema Ziwa Tanganyika wako wadogo kama sarafu. Kwetu yeye hakuwa amesikia, nami mpaka nastaafu sijamwona.

Kazi ikawa kumwomba ruhusa Edeltruda, na kumwomba Edeltruda maana yake ni kumwomba Bibi Anna.

"Shikamoo, bibi," alisema daktari, akachuchumaa mbele ya mkeka wake.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa umeleta dawa ya mdudu."

"Si mdudu, bibi. Ni kiumbe wa baharini."

"Samaki?"

"Si samaki. Hana mifupa. Hana damu wala ubongo."

Bibi Anna alifikiri. "Basi hata akifa hajui."

"Hajui, bibi."

"Na anauma?"

Daktari alinitazama. Swali halikuwa langu. "Akiwa hai baharini, huwasha," alisema. "Hiki kimesafishwa, hakiwashi. Nimekijaribu kwenye mkono wangu mwenyewe. Lakini sitakudanganya kwamba najua kitamponyesha mjukuu wako. Inawezekana kisisaidie kitu."

"Waliosema wanajua ni wengi," alisema bibi, "na siku ya moto niliwaona migongo." Akamgeukia mjukuu wake, akamwuliza kwa Kinyasa. Edeltruda alijibu akiwa bado anaangalia ukuta, kwa Kiswahili, ili nasi tusikie: "Mkono. Kifua kiacheni na asali. Wakikosea, nibaki na upande mmoja."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na kila mlichowahi kusikia kuhusu mpango wa kisayansi wa jambo lile, jueni ulitoka kwa binti aliyelala kitandani.

Kazi yenyewe mliokuwepo mnaikumbuka. Nilisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, nikaondoa kilichokufa, daktari akalaza kipande kwa koleo, kikalainika na kushika kama kilichozaliwa pale. Kifua nilikipaka asali na kukifunga kwa gozi kama siku zote. Sote tukawa na shughuli ya kutofurahi mapema. Kwanza harufu ya mkono ilibadilika. Kisha pembeni pakaanza kuingia rangi ya waridi, taratibu, kama maji yanayopanda mchangani. Siku moja niliingia na toroli nikamkuta Edeltruda ameelekea mlangoni.

Mkono ulifunga. Kifua bado. Na boksi likaisha.

Lilipokuwa linaelekea kuisha, daktari aliandika barua, akapiga simu, akapanda mpaka mahali penye mtandao mzuri akapiga tena. Waliompa vile vipande walikuwa wamemaliza vyao. Vingine vingetengenezwa zikipatikana fedha, na fedha zilikuwa zinajadiliwa. Muda wake kwetu nao ukaisha. Siku ya kuondoka alikaa kitini kando ya kitanda, begi lake likiwa mlangoni.

"Na kifua?" Edeltruda alimuuliza.

"Nilisema kama mkono ukikubali, tutaweka na kifuani. Mkono umekubali. Sina cha kuweka."

"Kwa hiyo umenionyesha tu."

Daktari aliinuka. Alimwambia kwaheri bibi kwa heshima zote, akatoka, na nilimwona nje akisimama muda mrefu karibu na tenki la maji kabla ya kwenda kwenye gari. Mimi nilikuwa na wagonjwa wengine wanaongoja. Nilirudi ndani, nikafungua mtungi wa asali.

Kifua kilichukua muda mrefu sana. Tulitumia asali, papai, gozi ya vaselini tulipoipata, na mayai na maharage ambayo wauguzi walichanga kutoka majumbani mwao, kwa sababu kidonda hakifungi kwa mtu mwenye njaa. Bibi Anna alikuwa anakaa hapohapo, anasali rozari kwa vile viganja vyenye makovu. Mwishowe nacho kilifunga, kikaacha kovu nene linalovuta shingo kidogo. Mtu akinishika leo aniulize kama konyeza ndiye aliyeponya mkono, nitamwambia sijui. Mkono ulikuwa umeungua juujuu kuliko kifua. Ninachojua ni nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa mkono mmoja wa binti mmoja.

Edeltruda alirudi Lundo na vidonge vyake vya kifafa. Nilimwambia asikae motoni peke yake, naye akaniambia hakuwa peke yake siku ile. Kila mwezi alikuja kliniki kuchukua vidonge. Bibi Anna alifariki msimu wa mvua. Tulikwenda mazishini kutoka hospitali, na majirani walewale ndio waliobeba jeneza. Edeltruda aliwashukuru mmoja mmoja. Mimi nisingeweza.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu Daktari Salumu aliponipigia simu. Bado alikuwa anafuatilia konyeza. Alikuwa amepata watu walio tayari kumsikiliza, na aliomba kitu kimoja: picha ya mkono wa Edeltruda, aionyeshe kwenye kikao. Nikapeleka ombi lake Lundo.

Nilimkuta kwenye chanja, na chini ya chanja sasa palikuwa na ukuta wa matofali unaoufunika moto, alioujenga mwenyewe. Alinisikiliza huku anageuza samaki.

"Picha ya mkono peke yake?"

"Mkono peke yake."

"Na kifua?"

"Kifua hakikupata konyeza, mwanangu."

"Ndiyo maana naulizia." Alifuta mikono. "Mwambie aje mwenyewe, mama. Na akija asije mikono mitupu. Kama hicho kitu hakipo, picha ya nini?"

Nilimpigia daktari nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kupunguza neno. Akasema, "Ana haki." Baada ya majuma kadhaa alishuka Mbamba Bay, nywele zimeanza mvi, na boksi dogo kuliko lile la kwanza.

Wakati huo wodini tulikuwa na mtoto wa kike aliyemwagikiwa uji mkononi na begani. Mama yake alikuwa Mmatengo, msichana wa milimani aliyeolewa ziwani, mgeni kama nilivyokuwa mimi. Daktari alimsalimu, akachuchumaa, akaanza kueleza kolajeni. Mama yule aliitikia kwa kichwa kila sentensi, jinsi watu wanavyomwitikia daktari. Nilijua haelewi. Nilikuwa nafungua kinywa nimsaidie kwa Kimatengo, Edeltruda akanigusa bega. Alikuwa amekuja kwa ajili ya picha.

"Daktari, naomba nafasi."

Akapandisha mkono wa gauni, akamwonyesha mama yule mkono wake wa kulia, ngozi laini yenye mabaka. "Huu ni konyeza," alisema. Kisha akafungua vifungo viwili, akamwonyesha na lile kovu la kifuani, mbele yetu sote. "Hii ni asali. Moto mmoja, siku moja. Vyote vilipona. Hapa walianza na dawa ikaisha, hawakufika huku. Sasa uliza unachotaka."

Mama yule aliangalia, akaangalia tena. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wakati wa kubadilisha, wapi paliuma kidogo?"

"Mkononi. Bendeji haikugandamana. Kifuani nilikuwa nauma kanga."

Miaka yote ile nilidhani alikuwa anauma kanga kwa ajili ya mwili mzima.

Mama alimtazama mwanawe aliyekuwa anasinzia kwa dawa ya maumivu, kisha akamgeukia Daktari Salumu, na safari hii hakuitikia kwa kichwa.

"Mwekee hiyo ya konyeza," alisema. "Lakini kwanza niambie, ipo ya kutosha mpaka apone?"

Daktari alifungua boksi, akapanga pakiti zote juu ya shuka mbele yake, zote zilizokuwepo. Aliziangalia, akauangalia mkono wa mtoto na bega lake.

"Kwa huyu inatosha," alisema. "Kwa atakayekuja baada yake, bado sina."

Mama akakubali. Edeltruda alifunga vifungo vya gauni, akavuta kiti, akaketi upande wa kichwa cha mtoto, nasi tukaanza kazi.